Jinsi mimea iliyobebeshwa inavyoungana

Kubebesha ni kuunganisha kitawi cha mmea mmoja na shina la mwingine wenye mizizi, ili viishi kama mti mmoja. Afrika Mashariki njia hii hutumika kwa miembe, miparachichi na michungwa. Nchini Kenya na Uganda, pasheni ya zambarau hubebeshwa juu ya pasheni ya manjano, ambayo mizizi yake huhimili zaidi mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni.

Muungano huo huanza kama jeraha. Seli zilizokatwa kwa kisu hufa. Zilizo hai nyuma yake hugawanyika na kufanya tishu laini inayojaza pengo. Chini ya gamba kuna tabaka jembamba liitwalo kambiamu, ambalo huzalisha mirija ya maji upande wa ndani na mirija ya chakula upande wa nje. Kambiamu za pande zote mbili zikikaribiana, mirija mipya hujengwa kupitia tishu hiyo na maji hupanda. Zikiachana, kitawi hunyauka. Ndiyo maana kiungo hufungwa kwa utepe wa plastiki: kibanwe na kisikauke.

Maji, sukari na homoni huvuka kiungo, lakini kila upande hubaki na urithi wake. Chipukizi linalotoka chini ya kiungo huzaa tunda la mmea wa chini, hivyo hukatwa mapema.

Undugu nao una sharti lake: mwembe haukubali kubebeshwa juu ya mchungwa. Hata jamaa wa karibu huweza kuungana kwa muda tu. Mti hustawi miaka kadhaa, kisha huvunjika palepale kwenye kiungo, na gharama ya mkulima hupotea.

Migomba, minazi na nafaka hazina kambiamu, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haziwezi kubebeshwa. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kuwa ngano na mimea ya kundi hilo huungana iwapo tishu zake zitachukuliwa kwenye kiinitete ndani ya mbegu. Hata hivyo, ndizi za chakula hazina mbegu. Kwa sasa, kinga ya mkulima wa migomba dhidi ya mnyauko ingali miche safi na shamba lisilo na maambukizi.