Edinburgh, Mji wa Vilele

Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ulianzia juu ya jabali, mabaki ya volkano iliyozimika miaka ipatayo milioni 350 iliyopita. Jabali hilo ni magenge pande tatu. Mashariki pekee ndiko linakoteremka taratibu. Aliyelishika alimwona adui angali mbali, hivyo wafalme wakajenga ngome hapo. Jengo kongwe lililobaki ni kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, alilolijenga Mfalme David I katika karne ya 12 kumkumbuka mama yake. Waskoti walipowanyang'anya Waingereza ngome hiyo mwaka 1314 waliibomoa, lakini kanisa wakaliacha.

Mwaka 1128 David huyo alianzisha abasia ya Holyrood chini ya mteremko. Njia kati ya abasia na ngome ndiyo Royal Mile, uti wa mgongo wa Mji Mkongwe. Ukuta na ziwa la Nor Loch viliubana mji, watu wakazidi kujenga ghorofa juu ya ghorofa.

Ziwa lilianza kukaushwa mwaka 1759. Daraja la kuvuka bonde lake lilifunguliwa mwaka 1772, na ng'ambo ukainuka Mji Mpya wa barabara zilizonyooka, kwa ramani ya James Craig.

Karne ya 19 ilivipa vilima kazi ya ukumbusho. Juu ya Calton Hill ulijengwa mnara wa Nelson, wenye umbo la darubini. Jirani yake, mwaka 1826, ulianza mnara wa taifa wa kuiga Parthenon ya Athens. Fedha zikaisha mwaka 1829, zikabaki nguzo 12. Katika miaka ya 1850 mnara wa Nelson uliwekewa mpira unaodondoka saa saba mchana ili mabaharia wa bandari ya Leith warekebishe saa zao. Kwa kuwa ukungu uliuficha, tangu 1861 ngome hupiga mzinga saa hiyohiyo, isipokuwa Jumapili.

Bondeni, mwaka 1846, ulizinduliwa mnara wa mwandishi Walter Scott, wenye urefu wa mita 61 na vidato 287. Msanifu wake, George Meikle Kemp, hakuuona ukikamilika. Alikufa maji mferejini mwaka 1844.

UNESCO iliiorodhesha miji yote miwili kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1995. Kilele cha Arthur's Seat, mita 251, huionyesha pamoja, hadi Leith na bahari.