Maieloma: Elimu ya Bingwa Inapomfikia Daktari wa Mashinani

Maieloma ni saratani ya uboho, sehemu laini iliyo ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa. Seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutoa kingamwili, huzaana kupita kiasi. Dalili zake ni maumivu ya mgongo au mbavu, mifupa kuvunjika kirahisi, upungufu wa damu, figo kudhoofika na kalsiamu kuzidi mwilini.

Huwapata zaidi wazee. Na kwa kuwa mzee kuumwa na mgongo si jambo geni, wengi hupewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Baadhi ya dawa hizo, kama diclofenac na ibuprofen, huzidi kuziumiza figo.

Chanzo cha mbinu

Mabingwa wa damu ni wachache na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Mwaka 2003, Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alikabili uhaba kama huo kwa wagonjwa wa hepatitisi C. Alianzisha Mradi wa ECHO, unaosafirisha elimu badala ya mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa virusi viliwatoka asilimia 58.2 ya waliotibiwa katika zahanati za mashinani na magereza, na asilimia 57.5 ya waliotibiwa chuoni. Nchini Kenya, mbinu hii imetumika kuwafunza wahudumu wa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI.

Darasa linavyoendeshwa

Wahudumu wa vituo mbalimbali hukutana kwa video na jopo la mabingwa. Baada ya somo fupi, mmoja wao hueleza kisa cha mgonjwa wake bila kumtaja jina: umri, dalili, vipimo, na pale alipokwama. Wenzake huuliza maswali, kisha jopo hushauri. Kwa mfano, anayetibiwa kwa bortezomib huhitaji pia acyclovir ya kuzuia mkanda wa jeshi. Uamuzi hubaki kwa daktari wa mgonjwa, na wote waliosikiliza huondoka na funzo.

Haja ya elimu hii inaongezeka. Teclistamab, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2022, huanzwa chini ya uangalizi wa hospitali kwa sababu kinga ya mwili huweza kuchachamaa na kuleta homa kali. Mgonjwa akirudi kwao, daktari wa huko sharti azitambue dalili hizo mapema.

Mipaka yake

Darasa halileti dawa wala maabara, na bila intaneti halifanyiki. Hata hivyo, humkumbusha daktari kipimo ambacho pengine hangekiagiza. Mzee wako akiumwa na mifupa kwa wiki kadhaa huku damu ikipungua, muulize daktari kuhusu vipimo vya damu na mkojo vya kutafuta protini za maieloma.