Shaba Isirudi Kuwa Jiwe

Watu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba karne nyingi kabla reli haijafika. Walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakalitia pamoja na makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu na kuvukuta mpaka ikatiririka shaba nyekundu, wakaimimina kuwa misalaba midogo ya biashara. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likaanza kazi. Tanuru dogo kwa kubwa, kazi ni ileile: kuitenga shaba na oksijeni, maji na kaboni ilivyoungana navyo ardhini. Sasa fungua soketi ya taa ya nyuma ya gari lililopita misimu kadhaa ya mvua mjini humo. Pini zimeota unga wa kijani, waya umekuwa mweusi ndani ya plastiki yake, taa inafifia. Shaba imeanza kurudi ilikotoka.

Grisi ya silikoni inapakwa ili kuchelewesha marejeo hayo, ingawa awali ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa grisi ya kuziba mifumo ya kuwashia injini za ndege. Juu sana hewa ni nyepesi, na umeme wa plagi ulikuwa ukivuja njiani kabla ya kufika kwenye silinda. Kilichotakiwa, basi, ni kitu kisichopitisha umeme kabisa, kisichoyeyuka kwa joto wala kuganda kwa baridi.

Hapo fundi mwenye busara huuliza: kama haipitishi umeme, si itakata mawasiliano? Swali ni la haki. Jibu limo katika mkazo wa soketi yenyewe: pini inapoingia, chuma husukumana na chuma, grisi hukimbilia pembeni na kujaza nafasi ambamo maji yangekaa. Ukiishindilia mpaka soketi isifunge sawasawa, kosa ni la kipimo. Pini ndogo za sensa zinastahili uangalifu zaidi, na hapo maelekezo ya mtengenezaji wa gari ndiyo yafuatwe.

Wengine hutetea vaselini au grisi ya bearingi, kwamba wazee waliitumia na magari yakatembea. Kwenye vichwa vya betri, ndiyo. Lakini mafuta ya petroliamu kama hayo huvimbisha aina nyingi za mpira, na soketi za magari yenye kompyuta hutegemea mpira huo kuzuia maji. Hoja ya vumbi jekundu la kiangazi nayo ina uzito: grisi iliyoachwa nje hulinasa. Basi ipakwe ndani ya mpira, na ziada ifutwe.

Linaloharibu zaidi ni kupaka juu ya kutu. Grisi haiponyi, huifungia kutu ndani pamoja na unyevu wake. Pini isuguliwe mpaka ing'ae, ikauke kabisa, mpira upakwe utando mwembamba, kisha soketi isukumwe mpaka isikike ikishika. Kwa betri, kaza kwanza kibano juu ya kichwa kikavu, halafu ndipo upake kwa nje.