Marubani wasaidizi wa jeti ndogo: malipo na hesabu ya saa

Nchini Marekani, rubani msaidizi wa jeti ndogo za kibiashara hulipwa mshahara wa mwezi au kwa siku. Daftari lake la saa za kuruka lina hesabu nyingine: muda huanza ndege inapoondoka kwa nguvu ya injini zake ili iruke, na huisha inaposimama baada ya kutua. Aliyelipwa siku nzima, akaruka saa 2 na kusubiri abiria saa 6, huandika 2 tu.

Tena si kila anayekaa kiti cha kulia huandika saa za msaidizi. Kanuni ya 61.51 ya mamlaka ya anga, FAA, inataka cheti cha ndege au kanuni za safari yenyewe zidai zaidi ya rubani mmoja. Learjet 45 hudai wawili. Citation CJ huweza kurushwa na mmoja mwenye idhini; hapo, katika safari binafsi ya mwenye ndege, malipo pekee hayamfanyi wa pili awe msaidizi kisheria. Kwa kampuni za kukodi, tangu 2018 mpango maalumu ulioidhinishwa na FAA waweza kuruhusu saa hizo.

Leseni ya juu kabisa ya urubani kwa kawaida hudai saa 1,500, na anayeandika saa za uongo aweza kunyang'anywa leseni. Kijana wa Afrika Mashariki anayeanzia kazi huko aulize mapema: nitalipwa kiasi gani, na ni kanuni ipi inayoniruhusu kuandika saa hizi?