Mbwa asiyeruhusiwa kushuka: likizo za mashua na kichaa cha mbwa

Mwaka 1968 waigizaji Elizabeth Taylor na Richard Burton walikuwa London kwa kazi ya filamu. Walikuwa na pesa, walikuwa na jina, na walikuwa na mbwa. Pesa na jina viliingia Uingereza bila shida. Mbwa ndio walikwama. Sheria ilitaka kila mbwa anayetoka nje akae karantini miezi sita, kwenye banda lililoidhinishwa, kwa gharama ya mwenyewe. Basi wakakodi meli ndogo ya kifahari iitwayo Beatriz, ikatulia kwenye Mto Thames karibu na Tower of London, na mbwa wakaishi humo. Maadamu mguu wa mbwa haujagusa nchi kavu, alihesabika kuwa bado hajaingizwa nchini. Magazeti yalicheka sana: banda la mbwa la bei mbaya kuliko yote duniani, tena linaelea.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha matajiri. Lakini swali lililomo ndani yake bado linawasumbua watu wa kawaida kabisa wanaokodi boti ya matanga kwa wiki moja ya likizo kule Ulaya. Kwa nini unaweza kupakia watoto, baiskeli na kreti mbili za bia, ukavuka kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa nguvu ya upepo tu, halafu mbwa peke yake ndiye azuiwe? Wenye boti za kukodi nao wana malalamiko yao (nywele zinaziba pampu ya kutolea maji, kucha zinachuna mbao), ila hayo yanamalizwa kwa kuongeza pesa ya usafi. Zuio lenyewe halikuanzia kwao. Lilianzia kwenye mishipa ya fahamu ya mbwa.

Kirusi chenye subira

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisafiri na damu kama vimelea vya malaria. Mbwa akiumwa na mwenzake mgonjwa, kirusi kinaingia kwenye misuli, kinapenya kwenye mishipa ya fahamu, kisha kinaanza kupanda taratibu kuelekea ubongoni. Kwa mbwa wengi safari hiyo huchukua kati ya wiki tatu na miezi mitatu. Kwa wachache hufika miezi sita au hata kuzidi. Kipindi chote hicho mbwa ni mzima wa afya. Anakula, anacheza, anakimbilia mpira. Daktari wa mifugo akimshika pale bandarini hataona kitu, maana hakuna kipimo kinachoweza kumchukua mbwa aliye hai na kusema kwa uhakika kwamba huyu amebeba kirusi kimyakimya. Kikishafika ubongoni kinashuka hadi kwenye tezi za mate, na mbwa anaweza kuambukiza siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote. Binadamu aliyeumwa anaokolewa na chanjo ikiwahi. Dalili zikishaanza, karibu kila mara mwisho ni kifo.

Sasa linganisha muda huo na muda wa safari. Zama za matanga, bahari yenyewe ilikuwa karantini. Msafara wa kwanza wa Waingereza waliokwenda kuanzisha koloni Australia ulikaa njiani miezi minane, ukafika Januari 1788, na mbwa walikuwemo. Mbwa ambaye angebeba kirusi kutoka nyumbani angeugua na kufa katikati ya maji, mbele ya macho ya kila mtu, kabla hajanusa ufuo. Halafu zikaja stima, na mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa. Safari za miezi zikawa za wiki. Kirusi hakikubadilika hata kidogo. Meli ndizo zilizoongeza mwendo, hadi zikaanza kufika kabla ugonjwa haujajitokeza.

Kwa muda mrefu wenye mashua hawakulijali hilo. Mwaka 1876 familia ya Brassey iliondoka Uingereza kuizunguka dunia kwa meli yao Sunbeam, yenye matanga na injini ya mvuke pia, na mbwa walikuwa miongoni mwa abiria. Wakati huo hapakuwa na sheria ya karantini ya mbwa Uingereza, na sababu ni rahisi: kichaa kilikuwa tayari ndani ya nchi. Mwaka 1889 Jerome K. Jerome alitoa kitabu kilichopendwa sana, *Three Men in a Boat*, kuhusu marafiki watatu wanaokodi mashua kwenye Mto Thames wakiwa na mbwa aitwaye Montmorency. Mbwa huyo ni wa kubuni, lakini likizo ya mashua ya kukodi pamoja na mbwa haikuwa ya kubuni hata kidogo. Na miaka hiyohiyo mbwa wengi wa London walikuwa wanatembezwa wakiwa wamefungwa mdomo kwa amri ya serikali, kwa kuogopa kichaa.

Mtu aliyeimaliza kazi hiyo ni waziri wa kilimo Walter Long. Kuanzia 1897 alilazimisha mbwa wote wa maeneo yenye ugonjwa wafungwe kikapu cha waya mdomoni. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: kirusi kinahama kwa kuuma, basi zuia kuuma. Wenye mbwa walimchukia vibaya sana. Sambamba na hilo alifunga mlango wa nje: mbwa wa kigeni lazima awe na kibali na akae karantini, na mwaka 1901 muda ukakazwa kuwa miezi sita. Mwaka 1902 Uingereza ikawa haina kichaa cha mbwa. Inafurahisha kwamba chanjo ya Pasteur ilikuwepo tangu 1885, ila Waingereza walisafisha kisiwa chao kwa vikapu vya mdomoni na makufuli.

Mbwa ndani ya begi

Ukuta ukikamilika, watu huanza kutafuta upenyo. Mwaka 1918 ugonjwa ulirudi, ukianzia maeneo ya Plymouth, mji wa bandari. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mwanajeshi aliyekuwa anarudi kutoka vitani aliingiza mbwa kwa siri. Mtu ametoka kwenye mahandaki ya Ufaransa, kaka yake au rafiki yake kafa, kilichobaki kumfariji ni mbwa mmoja, halafu unamwambia amwache ufukweni? Sidhani kama mtu huyo alijiona mhalifu. Lakini ilichukua hadi 1922 kuuzima mlipuko huo, baada ya visa zaidi ya 300 vya wanyama.

Mwaka mmoja baada ya kile kichekesho cha Beatriz, kicheko kiliisha. Mwaka 1969 mbwa aitwaye Fritz, aliyetoka Ujerumani na kumaliza miezi yake sita kihalali, alipata kichaa siku chache tu baada ya kutoka karantini, pale Camberley, kusini mwa England. Serikali ilituma watu kwenye misitu ya jirani kuua mbweha na wanyama wengine wa porini, ikiogopa kirusi kisije kikahamia kwao. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Bara la Ulaya lilikuwa na wimbi la kichaa kwenye mbweha, lililoanzia upande wa Poland karibu na mwaka 1940 na kusogea magharibi makumi ya kilomita kila mwaka. Mwaka 1968 lilikuwa limeingia Ufaransa.

Sheria mpya ya 1974 ilikuja na meno. Kuingiza mnyama kinyume cha sheria kungeweza kukupeleka jela hadi mwaka mmoja, na mnyama mwenyewe angeweza kuuawa. Mabango yenye onyo kwa lugha kadhaa yalibandikwa bandarini na kwenye gati za mashua ndogo. Ona wakati wenyewe: miaka ya 1970 ndiyo ambayo likizo za kukodi boti za matanga zilianza kupanuka, kwa mfano zile za misafara ya boti kule Ugiriki. Yaani mtu wa kipato cha kati alianza kuweza kukodi boti wakati uleule ambao mbwa wake aligeuzwa kuwa kesi ya jinai.

Je, Waingereza walizidisha? Kwa kiasi, ndiyo. Kufikia miaka ya 1990 chanjo za mbwa zilikuwa nzuri, na kipimo cha damu kiliweza kuonyesha kama chanjo imeshika. Huko bara nako mbweha walikuwa wanachanjwa kwa njia ambayo kila nikiisoma natabasamu: mwaka 1978 Waswisi walianza kutawanya vichwa vya kuku vyenye chanjo ndani yake, mbweha wanakula, wanapata kinga, na wimbi linakatika. Ufaransa ilitangazwa kuwa imeondokana na ugonjwa huo mwaka 2001. Kuendelea kumfungia miezi sita mbwa aliyechanjwa ilikuwa ni adhabu zaidi kuliko kinga. Chris Patten, gavana wa mwisho wa Hong Kong, alipomaliza kazi 1997 alikwenda kukaa Ufaransa na mbwa wake Whisky na Soda badala ya kuwapeleka karantini, na sakata hilo lilisaidia sana wanaharakati waliokuwa wanadai pasipoti za wanyama.

Tarehe 28 Februari 2000 mpango mpya ukaanza: chipu chini ya ngozi, chanjo, kipimo cha damu, kisha kusubiri. Mwaka 2012 masharti yakalegezwa zaidi. Kwa mbwa anayetoka Ulaya kipimo cha damu kikaondolewa, na kusubiri kukawa siku 21 baada ya chanjo. Ila sharti moja halikuguswa. Mbwa lazima aingie kwa njia iliyoidhinishwa, yaani feri, treni au ndege za kampuni zinazokagua chipu na karatasi. Mashua binafsi, iwe yako au ya kukodi, haimo.

Mashua moja, mbwa watatu

Hapa wengi wanaona ukiritimba tu. Mimi naona Flores.

Flores ni kisiwa cha Indonesia ambacho hakikuwa na kichaa cha mbwa. Septemba 1997 mvuvi mmoja alifika na mashua yake mjini Larantuka akiwa na mbwa watatu kutoka kisiwa cha Buton, karibu na Sulawesi, ambako ugonjwa ulikuwepo. Ni safari moja tu, ya kawaida, ya mtu aliyekuwa anaishi na mbwa wake. Miaka michache baadaye zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Serikali ilijibu kwa kuua mbwa, maelfu kwa maelfu, na ugonjwa haukuondoka, kwa sababu watu waliwaficha mbwa wao, wakawahamishia vijiji vingine, au wakaleta wapya kuziba pengo. Bandari kubwa ina afisa na mzani na kamera. Ghuba ndogo ambako mashua inavutwa mchangani alfajiri haina mtu wa kusoma chipu.

Na sisi tunayo ya kwetu. Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wa kiasi cha kilomita 50, wenye kina kirefu. Hakuna mbwa anayeuogelea. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza 2010 ziliukata ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Watafiti walisoma vinasaba vya virusi na kugundua kwamba haukuwa mkia wa ule wa zamani. Ulikuwa umeingizwa upya kutoka bara, tena zaidi ya mara moja. Ikabidi kuchanja tena kwa nguvu, hadi 2018 ukakatika kwa mara ya pili. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha sayansi kizuri kuliko vyote katika habari hii, kwa sababu Plymouth ya 1918 ilibaki na simulizi ya mwanajeshi tu, wakati Pemba tunaweza kusoma njia ya kirusi herufi kwa herufi. Zingatia pia dawa iliyofanya kazi Pemba: ilikuwa sindano ya chanjo. Bunduki ilijaribiwa Flores na ikashindwa.

Ndiyo maana leo hii familia inayokodi boti ya matanga Ugiriki au Croatia inaweza kwenda na mbwa wake mwenye chipu, chanjo na karatasi sahihi, akalala kwenye sitaha na kukojolea kipande cha zulia kilichowekwa mbele kwa ajili yake. Familia inayokodi boti kusini mwa England inaweza kuzunguka pwani yote ya Uingereza na mbwa. Ikitaka kwenda Brittany, upepo unaruhusu, Ufaransa haina tena kichaa kwenye mbweha, na mbwa anaweza kuwa amechanjwa vizuri kuliko watoto. Lakini kurudi, mbwa hawezi kupanda boti ileile. Isipokuwa kwa wanaotoka Ireland, Isle of Man au visiwa vya Channel, sheria bado inamtaka ashuke gatini na kukata tiketi ya feri. Kabla ya hapo atakuwa amemezeshwa dawa ya tegu na daktari wa mifugo, si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia. Mtu mmoja wa familia atasafiri naye. Wengine watarudi na boti, na watakutana upande wa pili.