Maharagi ya siku mbili, makala ya siku moja

Katika Kivu ya Kusini maharagi yanavunwa mara mbili kwa mwaka. Yale yaliyopandwa Septemba yanafika sokoni karibu Januari. Ya Februari ao Machi yanatoka karibu Juni. Wakati huo ndio wa kununua ya kuweka. Mama anayengoja Septemba atayagombania na wakulima wanaotafuta mbegu, na bei itakuwa imepanda.

Shida ya kuweka ni wadudu. Maharagi yakauke vizuri, kisha yajazwe mpaka mdomoni ndani ya bido kavu, kifuniko kifungwe kabisa. Wadudu wanakosa hewa, wanakufa.

Lakini pale Bukavu kinachomaliza pesa si maharagi peke, ni makala pia. Maharagi yaliyolala ndani ya maji usiku kucha yanaiva mbio zaidi (maji yale yanamwagwa). Tena moto mmoja unaweza kupika chungu cha siku mbili: leo yanaliwa na bugali, kesho kilichobaki kinaongezwa lengalenga ao ndizi na mafuta ya mawese kidogo, na batoto hawasemi ni chakula kile kile.

Nyumba isiyo na frigo iwe na uangalifu hapo. Sehemu ya kesho ichotwe kando mbele watu hawajaanza kula, ifunikwe, ichemshwe usiku na tena asubuhi mpaka itokote. Ikitoa povu na harufu ya uchachu, itupwe, hata kama inauma: kuna sumu ambayo moto hauitoe.