Uaminifu wa wakala (sheria ya Tanzania)

Uaminifu wa wakala ni wajibu wa mtu anayefanya biashara kwa niaba ya mwingine kutanguliza maslahi ya aliyemtuma. Tanzania Bara inauweka katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872.

Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, wajibu huu hujaribiwa zaidi kwenye ardhi. Dar es Salaam imepanuka kuelekea huko, na madalali ndio wanaowaunganisha wenye mashamba na watafutaji wa viwanja. Mwenye shamba hutaja bei yake; dalali humtajia mnunuzi bei ya juu zaidi na kubaki na tofauti, yaani cha juu. Wengi hukihesabu kuwa jasho lake. Sheria haikihesabu hivyo: faida ambayo wakala ameipata kwa siri katika kazi aliyotumwa, aliyemtuma anaweza kuidai. Wakikubaliana waziwazi kwamba kinachozidi bei fulani ni cha dalali, hapo hakuna kosa. Mzee aliyeuza mikorosho yake kwa bei ya kutupa bila kujua mnunuzi alilipa nini, huyo amedhulumiwa.

Habari nazo ni mali. Dalali akijua thamani ya eneo itapanda, tuseme kwa sababu ya bandari kavu ya Kwala, kisha akalinunua shamba la mteja wake kwa jina la shemeji, mwenye shamba anaweza kuyakataa mauziano hayo akionyesha kwamba jambo la msingi lilifichwa kwa hila, au kwamba biashara yenyewe ilimuumiza. Wakala aliyekosa uaminifu hupoteza pia ujira wa sehemu ya kazi aliyoiharibu. Akihongwa ili amgeuke aliyemtuma, kosa huwa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Katika ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, kwa hiyo nayo inafungwa na uaminifu.

Kikwazo kikubwa ni ushahidi. Uwakala wa mdomo unatambuliwa kisheria, lakini dalali mwenye cha juu hujitahidi muuzaji na mnunuzi wasionane mpaka fedha zimeshagawanywa. Muuzaji anayesisitiza kusaini mauziano ana kwa ana na mnunuzi, bei kamili ikiwa imeandikwa, ndiye mwenye cha kupeleka mahakamani.